Njia ya Shasha na Saa ya Jirani

Msafiri atokaye Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda Bukavu kwa nchi kavu, akiisha kuupita mji mdogo wa Sake, ambao pembeni mwake ardhi ingali nyeusi kwa mawe ya moto yaliyotapikwa zamani na mlima Nyamulagira, hugeuka kusini akaandamana na ufuo wa Ziwa Kivu, maji yakiwa kushotoni na vilima vya Masisi kuliani, hata afike kijiji kiitwacho Shasha, katika nchi ya Kamuronza, usultani wa Bahunde. Kwa sura kijiji hiki hakina ajabu yoyote: nyumba za mbao na za udongo, migomba, mashamba ya mihogo na maharagi yaliyopanda mlimani kama ngazi, wanawake wauzao sambaza, dagaa wa ziwa lile, waliokaushwa juani. Lakini kwa mahali pake Shasha ni koo. Chakula cha Goma kitokacho Minova na Kalehe hupitia hapo, na kadhalika wagonjwa waendao hospitali, wanafunzi, wafiwa na maharusi. Na koo likibanwa, kichwa na tumbo huumia pamoja.

Mwanzoni mwa Februari 2024 waasi wa M23 waliingia Shasha, na barabara ikafungika. Watu waliozoea kupanda magari wakapanda mashua, na magunia yaliyozoea malori yakarundikwa humo humo. Hata tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule mashua moja iliyotoka Minova, imeelemewa na watu na vitu kupita kiasi, ililala ubavu ikapinduka karibu kabisa na gati la Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya jamaa waliokuja kuwalaki wasafiri wao. Makumi ya watu walizama. Wako waliookolewa, na wako walioondoka na maji, na tofauti baina ya kundi hili na lile ilikuwa dakika chache. Msiba ule umenikaa moyoni kuliko mingine mingi ya nchi ile, ambayo wallahi misiba haikuipungukia, kwa sababu ya ukaribu wake: waliokufa walikuwa wamekwisha kufika, na kilichokosekana hakikuwa huruma ya watu wa ufukoni, ambao walikuwa wakilia kwa sauti, bali muda.

Nami nataka kuandika juu ya muda. Mafundisho ya Kikristo juu ya kumsaidia jirani hunenwa kila Jumapili katika nchi ya Kivu, ambako ni adimu kuona kilima kisicho na kanisa, la Kikatoliki, la Kibatisti, la Kipentekoste au la Kiadventisti. Na aghalabu mhubiri hukaza neno juu ya upendo, na juu ya sadaka, na juu ya thawabu, ila saa ya kutenda huipita kama mtu apitaye jiwe njiani. Hali Maandiko yenyewe hayakuipita. Katika Mithali, mlango wa 3, aya ya 28, mwenye hekima anamkataza mtu kumwambia jirani yake aende akarudi siku ya pili, ilhali kile anachoombwa anacho tayari. Tutazame vema kinachokatazwa pale. Mtu yule hakukataa kutoa, wala hakutukana, wala hakusema uwongo. Huenda kesho yake angetoa, tena kwa mkono mkunjufu. Taksiri yake yote imo katika neno moja, nalo ni kesho. Torati kadhalika, katika Kumbukumbu la Torati, inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa maskini huyo ameutegemeza moyo wake juu ya ujira ule. Na Yakobo katika waraka wake anamdhihaki mtu amwonaye ndugu hana nguo wala riziki ya siku, akamwaga kwa maneno matamu ya kumtakia joto na shibe.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kunikatiza hapa na kunikumbusha kwamba wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Walisema kweli, lakini wazee hao hao ndio waliosema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, wala hawakuona mgongano wowote. Methali ya kwanza ni ya mtu na jambo lake mwenyewe: ajengaye, aoaye, afanyaye biashara, huyo na aende taratibu. Za pili ni za tumbo. Katika dhiki yangu naweza kusubiri, na subira hiyo ikahesabiwa fadhila. Katika dhiki ya mwenzangu sina mamlaka ya kusubiri kwa niaba yake, maana mateso ya kungoja hayanipati mimi.

Tena mwili wa binadamu una saa zake ambazo hazisikilizi udhuru. Kipindupindu, maradhi yaliyokwisha kufanya makao katika kanda za ziwa lile, Kirotshe na Minova zikiwamo, kinaweza kumkausha mtu mzima aliyeamka na afya asubuhi hata akafa kabla ya usiku kuingia. Na dawa ya kwanza si ya hospitali, ni lita 1 ya maji safi iliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akinyweshwa kidogo kidogo bila kukoma njia nzima mpaka afikishwe kwa waganga. Mama mzazi anayetokwa damu huko juu milimani hutelemshwa kwa machela, ambayo watu wa Kongo huiita kipoyi, mabegani mwa wanaume wanne wanaopokezana na wengine wanne. Nao wakikaa kujadiliana ni zamu ya nani, damu haijadiliani. Jirani mwenye sukari jikoni, jirani mwenye bega: hao ndio waganga wa saa ya kwanza, na saa ya pili mara nyingine haiji.

Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukateremka hata ukasimama kando ya mji wa Goma. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, gavana wa kijeshi wa mkoa, Jenerali Constant Ndima, aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke mara moja. Watu kwa mamia ya maelfu walishika njia: wengine kuvuka mpaka kwenda Rwanda, wengine Rutshuru, wengine kwa mashua kwenda Bukavu, na umati mkubwa sana kuelekea Sake na njia hii ya Shasha na Minova, kwa miguu, kwa pikipiki, magodoro vichwani, vyungu na mikeka juu ya chukudu, gari lile la mti la magurudumu mawili ambalo ni fahari ya watu wa Kivu. Walipofika walilala wapi? Walilala makanisani na madarasani, chini ya vibaraza, na wengi sana walilala katika nyumba za watu ambao asubuhi ya siku ile hawakuwajua. Misaada ya mashirika ilikuja, na ilifaa, wala si kazi yangu kuibeza. Lakini shirika lazima liandike majina kwanza, lihesabu vichwa, lipime mahitaji, liombe ruhusa ya magari, na kwa kuwa linashika mali ya amana halina budi kufanya hivyo. Usiku wa kwanza hauna orodha. Usiku wa kwanza una mlango, na mtu nyuma ya mlango, na sauti ya nje isemayo hodi.

Katika sauti hiyo ya hodi mna siri ambayo mimi sikuifahamu mpaka nilipoyaweka mambo ya Masisi kando ya mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Yule mwanasheria aliyemjaribu Bwana Yesu hakuuliza kama imempasa kusaidia. Hilo alilijua kwa moyo. Aliuliza jirani yake ni nani. Ni swali la elimu, lina adabu, lafaa kujibiwa kwa utulivu. Na ni swali la mtu mwenye nafasi. Aliyelala njiani baina ya Yerusalemu na Yeriko, amevuliwa nguo na kupigwa nusura ya kufa, hakuwa na nafasi ya kulingoja jibu. Kuhani na Mlawi, ambao sisi huwahukumu upesi kuwa hawana utu, pengine kila mmoja alikuwa akilizunguka swali hilo hilo moyoni alipopita upande wa pili: huyu ni wa kwetu au si wa kwetu, yu hai au ni maiti itakayoninajisi, ni mhanga au ni mtego wa wezi? Kuchelewa ndicho chumba ambamo maswali hayo hukaa kitako. Msamaria hakuwa na majibu bora kuliko wao. Alitangulia kushuka katika mnyama wake kabla maswali hayajapata kiti.

Na katika Masisi na Walikale swali la nani wa kwetu limekwisha kumwaga damu. Mwezi Machi 1993, katika soko la Ntoto huko Walikale, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, na moto ule ukaenea Masisi nzima, Wahunde, Wanyanga na Watembo upande mmoja, Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi pamoja, upande mwingine, hata maelfu wakafa na mamia ya maelfu wakahama makwao; na mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi zaidi ya 800,000 kutoka Rwanda wakamwagika Goma katika siku chache, na vita baada ya vita vikafuata ambavyo sitavitaja, maana kuvihesabu kungenila gazeti zima. Katika nchi hiyo neno Msamaria si jina la hospitali wala la chama cha hisani. Ni jina la mtu ambaye baba yako alikuonya usile kwake. Mhubiri wa Masisi ayasomaye maneno ya Luka bila kuwafikirisha wasikilizaji wake ni kabila gani lingesimama pale mahali pa Msamaria, ameusoma mfano nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyo na uchungu, yaani dawa.

Hapo ndipo naiona fadhila ya haraka, ambayo methali haikuitaja. Anayefungua mlango mara moja, usiku, mvua ikinyesha, kwa mama mwenye mtoto mgongoni na bidoni ya maji mkononi, hana muda wa kuuliza lugha ya nyumbani kwao. Kesho yake, akisikia mgeni anambembeleza mtoto kwa Kihunde au kwa Kinyarwanda au kwa Kihavu, amekwisha kumlisha, na ni muhali kumchukia mtu aliyelala chini ya dari yako akala bugari na sombe (ugali na kisamvu) ya chungu chako. Sidai kwamba mwaka 2021, au mwaka 2024, hakuna mlango uliouliza kabila kabla ya kufunguka. Iliyouliza ipo. Nasema tu kwamba mlango uliochelewa ndio uliouliza.

Kusini kidogo ya Shasha, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, karibu na Minova, aliishi mwanamke aliyelielewa jambo hili kwa gharama ambayo hakuna awezaye kuilipa. Aliitwa Rebecca Masika Katsuva, na watu wa pale walimwita Mama Masika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa vita, watu wenye silaha waliivamia nyumba yake, wakamwua mumewe, wakamnajisi yeye na binti zake wawili. Na alipokuwa bado na majeraha, jamaa za marehemu wakamtoa katika mali na nyumba. Angeweza, na nani angemlaumu, kuyamaliza maisha yaliyosalia akijililia. Badala ya hayo alifungua mahali huko Buganga pa kuwapokea wanawake waliofanyiwa unyama kama ule, akaunda chama kilichojulikana kwa herufi APDUD, akatafuta mashamba ambamo wanawake hao walilima pamoja, na watoto waliozaliwa na kutupwa kwa sababu ya unyama huo akawalea kama wake.

Lakini kinachomtofautisha Mama Masika na wafadhili wengi ni miguu yake. Habari ya kijiji kilichoshambuliwa ilipomfikia, hakungoja walionusurika wamtafute. Alikwenda yeye mwenyewe, akawakuta vichakani au katika nyumba walizofichwa, akawaosha, akawapeleka hospitali. Wasomaji wasiojua waganga wanasema nini wataona huo ni wema wa ziada. Waganga wanasema kwamba dawa za kumkinga aliyebakwa na virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza nguvu ya kinga. Baada ya hapo hazifai tena. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa siku tatu kichakani akiona haya, au akingoja mume aseme neno, au akingoja barabara ifunguliwe, amepoteza kitu ambacho hakuna fedha ya dunia itakayokirudisha. Miguu ya Mama Masika ilikuwa ikishindana na saa hizo 72.

Novemba 2012, M23 walipouteka mji wa Goma mara ya kwanza, askari wa serikali walirudi nyuma hata Minova, na huko kwa siku kadhaa wakawageukia raia waliopaswa kuwalinda, wakapora na kubaka. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu washtakiwa 39 mwezi Mei 2014; kati yao wawili tu ndio waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Mwaka mmoja na nusu wa kungoja, kwa matokeo hayo! Mlango wa Buganga haukuwa na sheria nyingi kama za mahakama, ila ulikuwa wazi tangu usiku ule. Mama Masika mwenyewe alishambuliwa tena zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi yake, na hakuondoka. Alifariki tarehe 2 Februari 2016, ghafula, akiwaacha watoto wengi waliomwita mama.

Makanisa kwa jumla yana sehemu yake katika habari hii, na haki ni kuitaja ijapokuwa kwa ufupi. Hospitali ya Ndosho mjini Goma ni ya Wabatisti wa CBCA, na mwezi Januari 2025, Minova na Sake zilipoanguka mikononi mwa M23 na Goma ikafuata, majeruhi waliletwa pale kwa mamia hata wakalazwa chini, na waganga wakapasua mchana na usiku bila kumwuliza mtu alipigwa risasi na upande upi. Huko parokiani, Wakatoliki wana vikundi vyao vya ujirani wanavyoviita shirika, ambavyo hujua nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Na ujuzi huo wa moto wa jirani, ambao hauandikwi katika daftari yoyote, ni hazina. Nao Waislamu wa Goma na Bukavu hawahitaji kufundishwa na mimi, kwani iko sura fupi katika Qurani, Al-Maun, inayomlaumu mwenye kusali huku akiwazuilia watu hata vyombo vidogo vya kuazimana.

Sasa nifikie jambo ambalo wahubiri hulikwepa. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali ya watu wenye ardhi na amani. Mgeni wa vita hana jembe, na hata ukimpa, shamba lake liko ng'ambo ya mahali pa risasi. Mwezi Oktoba 2023 watu waliohama makwao ndani ya Kongo walihesabiwa kuwa milioni 6.9, hesabu kubwa kuliko zote zilizokuwa zimepata kuandikwa katika nchi ile hadi wakati huo, na wengi wao hawakuwa kambini. Walikuwa katika nyumba za watu. Ichukue nyumba moja ya namna hiyo, vyumba viwili, watoto sita, na juu yao wageni saba. Juma la kwanza ni furaha na machozi. Mwezi wa pili chumvi inafichwa. Mwezi wa nne mwenyeji anakula mara moja kwa siku naye hasemi, na mgeni anajua, naye hasemi, na mke wa mwenyeji anajua kwamba mgeni anajua. Kusaidia bila kuchelewa ni rahisi kuliko kuendelea kusaidia, na sioni kwamba imani inatudai tulifiche jambo hilo.

Katika mfano wa Luka yumo mtu wa nne ambaye hazungumzwi sana: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akamtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha. Kesho yake akatoa dinari 2, akampa mwenye nyumba, akaahidi kwamba gharama itakayozidi ataifidia atakaporudi. Kisha akaenda zake. Aliyebaki na majeruhi, aliyeamka usiku kumpa maji, aliyefua vitambaa vya damu, ni mtu ambaye jina lake hatukuambiwa, wala hatukuambiwa kama Msamaria alirudi.

Familia za Sake, za Shasha, za Bweremana na za Minova ni mwenye nyumba yule. Mwaka 2021 waliwapokea watu wa Goma; mwaka 2024 wa Shasha wakawa wao wapokewao, na mwenye kupokea akawa mgeni; Februari 2025 kambi za waliohama makwao zilizoizunguka Goma zilipovunjwa, watu wakarudi kwa njia hii hii, magodoro vichwani kama zamani, wengine wakikuta nyumba zao zimesimama na wengine wakikuta mahali zilipokuwa. Mwezi ule ni wa kupanda maharagi ya msimu wa pili. Mbegu huwekwa katika gunia juu ya moto, chini ya paa, moshi uzikinge na wadudu; na katika nyumba nyingi gunia hilo lilikwisha kuteremshwa tangu mwaka uliopita, usiku mmoja, lipikwe kwa ajili ya watu waliokuwa wamesimama mlangoni.